Shamba laini hukimbiza maji: vibonde, mabonge na mmomonyoko wa udongo

Shamba lililopitishwa haro mara tatu hadi udongo ukawa unga linapendeza machoni. Mistari imenyooka, hakuna bonge, mbegu zinaingia bila shida. Ndilo pia shamba linalotangulia kupoteza udongo mvua kubwa ya kwanza ikinyesha. La jirani, lililolimwa mara moja na kuachwa na mabonge yake, watu huliona kama kazi iliyoachwa nusu, lakini maji yanayotoka humo mara nyingi ni machache na hayajachafuka sana. Kinachotofautisha mashamba hayo mawili ni sentimita chache za kupanda na kushuka kwa uso wa udongo. Sentimita hizo zinasaidia hadi kiwango fulani, na kikipitwa zinaweza kumgeuka mwenye shamba. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu.

Uso usio sawa unafanya kazi tatu kwa pamoja. Unashika maji kwenye vibonde, yakae yakisubiri kuzama. Unayapunguzia kasi yale yanayotembea. Ya tatu husahaulika: sehemu zilizoinuka huchelewa kuziba, kwa hiyo maji yakijaa kwenye kibonde na kupanda pembeni hukuta kuta ambazo bado zinanyonya. Kwenye uso laini udongo wote huziba kwa wakati mmoja, na maji hayana pa kwenda ila kuteremka.

Tuanze na kushika maji, maana hapa kuna namba. Milimita 1 ya maji kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, yaani lita 10,000. Kiasi ambacho vibonde vinaweza kushika kinakadiriwa kwa kanuni aliyoitoa mtafiti Onstad mwaka 1984: chukua kipimo cha kupanda na kushuka kwa uso (tukiite R, kwa sentimita, namna ya kukipata iko hapo chini) na mteremko M kwa asilimia, kisha:

akiba ya maji (sm) = 0.112 × R + 0.031 × R² − 0.012 × R × M

Kwenye mteremko wa asilimia 5, R ikiwa sentimita 1 unapata kama milimita 0.8, ambazo ni karibu na bure. R ya sentimita 2 inakupa milimita 2.3. R ya sentimita 4 inakupa milimita 7, yaani lita 70,000 kwa hekta ambazo hazitaondoka na udongo wako. Ona kwamba R imeongezeka mara mbili lakini akiba imeongezeka mara tatu. Sasa peleka kanuni hiyohiyo kwenye mteremko wa asilimia 15: R ya sentimita 2 haishiki chochote, jibu linashuka hadi sifuri, na R ya sentimita 4 inabaki na milimita 2.2 tu. Kibonde kwenye mteremko mkali ni kama bakuli lililoinamishwa. Kwa hiyo anayeshauri "acha mabonge" bila kuuliza kwanza mteremko ni asilimia ngapi anatoa ushauri nusu.

Kuhusu kasi, wahandisi wa maji hutumia namba ya Manning, kipimo cha jinsi uso unavyokwamisha maji: ikiwa kubwa, maji yanakwenda polepole. Udongo mtupu uliolainika hupewa takriban 0.011, shamba lililolimwa na kupumzishwa 0.05, na shamba lenye mabaki ya mazao yanayofunika zaidi ya asilimia 20 ya uso 0.17. Ukipitisha kiasi kilekile cha maji juu ya nyuso hizo kwenye mteremko mmoja, kutoka uso laini hadi ule uliolimwa kasi inashuka kama mara mbili na nusu, na kufikia wenye mabaki inashuka kama mara tano. Nguvu ya maji yanayotembea hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kupunguza kasi kwa nusu kunaondoa robo tatu ya nguvu hiyo. Maji yakipungua kasi yanautua mchanga yaliokuwa yameubeba, palepale shambani.

Si kila kibonde kinafaa

Lazima kutenganisha aina mbili za uso usio sawa. Ya kwanza ni ile isiyo na mpangilio: mabonge na mashimo yaliyotapakaa ovyo baada ya plau. Ya pili ina mwelekeo: matuta, mistari ya kupandia, alama za matairi na za meno ya mashine. Ya kwanza inasaidia kidogo upande wowote. Ya pili inasaidia sana au inaharibu sana, kutegemea inaelekea wapi. Tuta la sentimita 20 likikata mteremko ni bwawa refu. Tuta hilohilo likishuka na mteremko ni mfereji uliouchimba mwenyewe, na maji yatakushukuru kwa kuupanua. Shamba likiwa na matuta yanayoteremka, hata mabonge makubwa yaliyo katikati hayabadilishi mengi, kwa sababu maji yamekwishapewa njia.

Alama ya tairi la trekta inayoshuka mteremko inastahili kutajwa peke yake. Udongo chini yake umeshindiliwa, haunyonyi, na pande zake zimeinuka kuzuia maji yasitoke. Vijifereji vya kwanza shambani mara nyingi huanzia hapo. Iwapo lazima gari lishuke, pita njia moja tu na uiache iote majani.

Kosa la namna hiyo linaonekana sana kwenye kingo za barabara na viwanja vya ujenzi. Buldoza linatumwa kukwaruza mteremko kabla ya kupanda nyasi, na dereva, kwa sababu ni rahisi zaidi, analipitisha kwa kukata mteremko. Meno ya cheni yako kukingama na mwendo wa mashine, hivyo kila jino linaacha mfereji mdogo unaotazama bondeni. Buldoza linatakiwa lipande na kushuka, ili alama za meno zilale kwa kukata mteremko. Udongo wa mfinyanzi ukiwa umelowa usifanyiwe hivyo kabisa: cheni itaushindilia na kuupaka kama plasta, na ulichopata kwa vibonde utakipoteza kwa udongo usionyonya.

Kinachovila vibonde

Tone kubwa la mvua, la milimita 5 hivi, hufika chini kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likigonga bonge linabandua chembe ndogo. Chembe hizo zinarushwa, zinabebwa, zinatua kwenye vibonde na kuziba matundu ya udongo. Juu ya mabonge linajengeka gamba jembamba, mara nyingi lisilofika milimita kadhaa. Chini ya vibonde linajengeka gamba nene zaidi la tabaka za matope laini, ambalo likikauka hupasuka vipande na kujikunja kingo. Ukiokota kipande hicho, ukakivunja na kutazama ubavu wake utaona mistari: mchanga chini, laini juu, tabaka moja kwa kila mvua. Udongo uliokuwa ukinyonya makumi ya milimita kwa saa unaweza kushuka hadi chache tu gamba likishakamilika.

Ndiyo maana vibonde si mali ya kudumu. Vinapungua kwa kasi zaidi katika mvua za mwanzo, halafu polepole. Udongo tifutifu wenye chembe nyingi laini na mboji kidogo unaweza kupoteza sehemu kubwa ya vibonde vyake kwa jumla ya milimita 50 hadi 100 za mvua. Mfinyanzi wenye mboji ya kutosha unavihifadhi muda mrefu zaidi. Mchanga mtupu haukupi mabonge hata ukilima vipi.

Kuna jaribio rahisi la kujua bonge lako litasimama au litayeyuka. Chukua punje ya udongo mkavu yenye ukubwa wa njegere, iweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Itazame baada ya dakika 10, kisha baada ya saa 2. Ikiporomoka na kuwa kilima kidogo huku maji yakibaki safi, muundo ni dhaifu: ongeza mboji na funika uso. Ikijizungushia wingu la maziwa, chembe zenyewe zinaachana, mara nyingi kwa sababu ya sodiamu nyingi. Hapo jasi husaidia kuliko jembe lolote, na mabonge utakayoyalima hayatavuka mvua mbili. Ikibaki nzima, una udongo ambao vibonde vyake vinafaa kutegemewa. Usitumie maji ya bomba au ya kisima yenye chumvi, yatakudanganya kwa kushikisha chembe pamoja.

Vinapokugeuka

Vibonde vinajaa kimojakimoja. Kinachojaa humwagikia kilicho chini yake, nacho hujaa, hadi siku ile viwili, vitatu, kumi vinaungana na maji yanapata njia moja kutoka juu hadi chini. Kabla ya hapo shamba lilikuwa likitoa maji kidogo sana. Baada ya hapo linatoa ghafla. Na kwa vile mabonge yanayabana maji yapite kwenye nafasi chache, mtiririko huo ni mzito na umejikusanya, tofauti na utando mwembamba unaoteleza juu ya uso laini. Utando mwembamba huondoa udongo sawasawa. Mtiririko uliojikusanya huchimba. Kwa hiyo katika mvua ndogo na za kati uso wa mabonge unashinda waziwazi, lakini katika mvua kubwa inayofuata nyingine, udongo ukiwa umeshalowa na vibonde vimeshajaa, faida yake hupungua sana, na kwenye mteremko mrefu unaweza hata kuanzisha vijifereji pale ambapo uso laini usingekuwa navyo.

Dawa yake si kulainisha. Ni kufupisha mteremko ili maji yasipate umbali wa kujikusanya: ukanda wa nyasi, makinga maji, au mstari wa mawe kila baada ya umbali fulani.

Kupima

Njia iliyozoeleka ni ubao wa pini. Tengeneza fremu ya mita 1 yenye matundu kila sentimita 2, ndiyo pini 51, kila pini iteleze bila kukwama lakini isiwe nzito kiasi cha kuzama kwenye udongo laini. Iweke kwa pima maji, shusha pini, soma urefu wa kila moja au piga picha mbele ya karatasi yenye mistari. Ingiza namba kwenye jedwali la kompyuta, ondoa mteremko kwa kutoa mstari ulionyooka unaopita katikati ya namba hizo, kisha tafuta mkengeuko sanifu wa zilizobaki (kipimo cha jinsi namba zinavyoachana na wastani wake). Hiyo ndiyo R. Usipoondoa mteremko kwanza, utakuwa umepima kilima badala ya vibonde. Ndilo kosa linalotokea mara nyingi zaidi. Kama kuna matuta, pima kwa kufuata tuta na uondoe alama zake pia, la sivyo tuta litameza kila kitu. Pima angalau sehemu kumi, maana uso uliolimwa hubadilika sana ndani ya hatua chache.

Asiye na ubao atumie mnyororo. Chukua mnyororo wa vipingili vidogo wenye urefu wa mita 1, ulaze juu ya udongo ufuate kila bonge na kila shimo, kisha pima umbali ulionyooka kati ya ncha zake. Ukipata sentimita 84, kipimo ni asilimia 16: umbali umepungua kwa sentimita 16 kati ya 100. Mtafiti Saleh ndiye aliyeieneza njia hii mwaka 1993, na kwa kulinganisha shamba lilelile kabla na baada ya mvua inafaa kabisa. Ila ina udhaifu mmoja mkubwa. Meno ya pembetatu yenye kimo cha sentimita 1 na yale ya sentimita 10, mwinamo wa kuta zake ukiwa uleule, hutoa asilimia ileile. Kwenye ardhi tambarare ya kwanza yanashika wastani wa milimita 5 za maji na ya pili 50. Kwa hiyo usitumie asilimia ya mnyororo kukadiria akiba ya maji. Iandike pamoja na kina cha vibonde vichache ulivyopima kwa rula.

Namba za kulinganisha, kutoka kwenye orodha ya Zobeck na Onstad ya mwaka 1987: plau ya kugeuza udongo huacha R ya karibu milimita 32, haro ya visahani 18, mashine ya kupandia 10, na shamba lisilolimwa kabisa 7. Tazama ile ya mwisho. Shamba lisilolimwa ndilo laini kuliko yote hapo, na bado likiwa na mabaki ya kutosha hupoteza udongo kidogo kuliko yote. Matone hayalifikii, matundu ya minyoo na mizizi yako wazi, na mabaki ndiyo yanayopunguza kasi. Mwenye kupata matandazo ya kutosha hana haja ya kuhangaika na mabonge. Kuacha uso wenye mabonge ni kazi ya yule ambaye mabaki yake yameliwa na mifugo, yamechomwa au hayakuwapo.

Kutengeneza uso unaofaa

Kila kitu kinaanzia kwenye unyevu siku ya kulima. Chukua udongo kutoka kina ambacho plau itafika, usiutoe juu, uviringishe kiganjani kama uzi. Ukifika unene wa milimita 3 bila kukatika, udongo umelowa mno. Plau itaukata vipande vinavyong'aa, vizito, visivyonyonya. Ukikatika kabla kidogo ya hapo, lima. Ukiwa mkavu kabisa utapata mabonge makubwa mno, kisha utayapiga haro mara nne na kuishia na vumbi, ambalo huziba kwa mvua moja.

Punguza kupita. Mbegu inahitaji udongo laini pale ilipo tu, ukanda wa sentimita 10 hadi 15 kwa upana. Nafasi kati ya mistari iache na mabonge. Mashine nyingi za kupandia zina fito au visahani vya kusafisha mstari. Vifungwe vifanye kazi hapo pekee, na haro ya kumalizia ing'olewe.

Kisha mwelekeo. Kupima kontua, yaani mstari unaokata mteremko ukiwa usawa mmoja, kwa fremu A kunatosha: miguu miwili ya mita 2, nyayo zikiachana mita 2, ubao wa kukingama katikati, na kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha kwenye vigingi viwili, weka alama kamba inapokata ubao, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Tembeza fremu, kigingi kila hatua, halafu lainisha mstari kwa macho kwa kusogeza vigingi vilivyojitenga. Kwa kanuni za watafiti wa mmomonyoko Wischmeier na Smith za mwaka 1978, kulima kwa kontua kwenye mteremko wa asilimia 3 hadi 8 hupunguza upotevu wa udongo kwa takriban nusu. Kwenye asilimia 17 hadi 20 hupunguza kwa moja ya tano tu. Na mteremko una urefu wake wa mwisho: kama mita 90 kwa asilimia 3 hadi 5, mita 37 kwa asilimia 9 hadi 12, mita 18 kwa asilimia 17 hadi 20. Ukizidisha bila kinga katikati, matuta yatavunjika.

Yanavunjikaje? Chukua mfereji kati ya matuta wenye urefu wa mita 100, matuta yakiachana sentimita 75. Unapokea maji ya mita za mraba 75. Milimita 20 za maji yasiyozama ni lita 1,500. Mstari ukiwa sawa, zimetandazwa mita zote 100. Mstari ukiwa na bonde moja, zote zinakwenda pale; tuta linapitwa, linakatika, na lita 1,500 zinaangukia tuta la pili ambalo lina zake. La tatu halina nafasi. Korongo dogo linalokata matuta kwa mstari mmoja ulionyooka karibu kila mara huanzia kwenye kosa la kipimo kwenye tuta la juu.

Kinga yake ni vizuizi ndani ya mfereji, kila mita 1.5 hadi 3. Kizuizi kiwe kifupi kuliko tuta: tuta la sentimita 20, kizuizi 15. Maji yakizidi yavuke kizuizi yaende pembeni, yasivuke tuta. Nikihesabu mfereji wa pembetatu wenye kina cha sentimita 15 na upana wa 75, kwenye tambarare unashika milimita 75. Mteremko wa asilimia 10 unaushusha hadi 45, na wa asilimia 20 hadi 25. Toa tena kiasi kwa ajili ya matuta kukaa chini baada ya mvua za mwanzo. Kwenye mfinyanzi usioruhusu maji kupita, mazao yakianza kuwa manjano baada ya siku mbili tatu za maji yaliyosimama, fungua vizuizi kimoja baada ya kimoja kuanzia mwisho wa mfereji wenye njia ya maji iliyooteshwa nyasi. Kwenye mchanga vizuizi huyeyuka. Virudishie wakati wa palizi ya kwanza.

Baada ya kila mvua kubwa, pita shambani kabla uso haujakauka. Mstari wa majani na takataka umelala wapi? Hapo ndipo maji yalipofika. Mchanga mweupe uliotandaa kama feni unaonyesha pale kasi iliposhuka. Rudi nyuma kwa kufuata alama hadi pale ulipotoka, ndipo pa kutengeneza. Kijifereji ambacho bado ni chembamba kuliko kiganja kijaze na ukikanyage, weka mabaki juu, kisha kagua tuta lililo juu yake kwa fremu. Na gamba likianza kukakamaa mbegu haijatoka, livunje kwa jembe la palizi au haro nyepesi, kina cha sentimita 2 hadi 3 kati ya mistari, udongo ukiwa na unyevu wa kuachana bila kunata. Ukingoja likauke kabisa litang'oka kama vigae, na miche inayochipuka itang'oka nalo.